Meneja wa kanda Iringa hadi mkurugenzi: NGO ya kimataifa, UN, benki za maendeleo, SADC/EAC au serikalini?

Kamwene_Gangilonga

Wakuu, kamwene. Uzi huu ni wa kulinganisha, si wa kutafuta ajira. Tuchukue mtu wa aina tunayemwona kila siku huku kwetu: umri miaka 38, shahada ya uzamili ya afya ya jamii, miaka 11 kazini, yote kwenye NGO, sasa ni meneja wa ofisi ya kanda ya shirika la kimataifa. Ofisi iko Iringa, inahudumia pia Njombe na Mbeya. Watumishi 24, bajeti dola 900,000 kwa mwaka, kazi ni lishe na VVU. Anataka ndani ya miaka kumi awe Mkurugenzi Mkazi wa shirika, au mkuu wa ofisi ya wakala wa UN kwenye nchi fulani, au mkurugenzi kwenye sekretarieti ya kikanda.

Njia ni hizo tano za kwenye kichwa cha habari. Ipi ina masharti gani, inakwamia wapi, na huyu wa Iringa ana nini mkononi ambacho mwenzake wa Masaki hana? Zile za "jitume tu utafika" tuziache leo.

Mzee_wa_Maandiko

Nianze na swali lako la mwisho, maana watu wa huku tunajidharau sana. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uliweka udumavu Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati wastani wa taifa ni 30. Mikoa hiyo hiyo ndiyo inayolisha nchi. Utafiti wa VVU wa 2022/23 ukaweka Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, taifa likiwa 4.4 kwa watu wazima. Maana yake meneja wa kanda huku anashughulika kila siku na tatizo ambalo makao makuu wanalisoma kwenye slaidi. Kasoro ni namna anavyoliandika. Wasifu unasema "alisimamia shughuli za mradi katika mikoa mitatu", basi. Paneli iliyokaa Nairobi haiwezi kujua kama huyo ni kiongozi au ni mratibu wa semina.

Paneli ya kumtafuta Mkurugenzi Mkazi huangalia mambo manne kabla ya mengine yote. La kwanza ni bajeti uliyokuwa na mamlaka ya kuisaini, siyo uliyoitumia. La pili ni watu waliokuwa chini yako. La tatu ni wafadhili ambao wewe mwenyewe uliwaandikia ripoti na kukaa nao mezani. La nne ni fedha ulizoleta kwa andiko, yaani pendekezo la mradi la kuomba fedha kwa mfadhili. Mtu wetu la pili analo. La kwanza analo nusu, kwa sababu dola 900,000 zinapita ofisini kwake lakini kikomo chake cha kusaini huwa ni shilingi milioni chache tu, zaidi ya hapo ni Dar. La tatu na la nne pengine hana kabisa, kwani wafadhili wakija Iringa wanakuja na Mkurugenzi, na maandiko yanaandikiwa makao makuu.

Kwa hiyo asirukie ukurugenzi. Atafute nafasi ya Mkurugenzi wa Programu au naibu wake, Dar au Dodoma, akae miaka mitatu hivi, aongoze maandiko kuanzia uchambuzi wa tatizo hadi jedwali la bajeti. Hilo ndilo lango lenyewe. Baada ya hapo ni Mkurugenzi Mkazi wa nchi ndogo au ya dharura, kisha nchi kubwa, kisha mkurugenzi wa kanda, ambao wengi wao hukaa Nairobi. Nchi za dharura kama Sudan Kusini, Somalia na mashariki ya Kongo nafasi zake hufunguka haraka kwa sababu watu hawakai. Lakini vituo vingi vya huko haviruhusu familia, na usaili wake una mtihani wa usalama: unapewa tukio, gari limezuiwa barabarani na watumishi wanne ndani, una dakika ishirini za kuandika utampigia nani kwanza na utasimamisha nini.

Bado kuna jambo la kutajwa jina kwenye andiko. Shirika linaloshindania mradi mkubwa linaomba wasifu wako, barua ya kukubali uliyoisaini, na wadhamini watatu, likuweke kama Mkuu wa Mradi iwapo litashinda. Hapo watu wanaumia kwa namna mbili. Moja, unasaini mashirika mawili kwa mradi uleule, mfadhili anaona jina moja kwenye maandiko mawili, na wote wawili wanakuacha. Pili, mwandishi wa andiko "anakuza" wasifu wako ili utimize masharti, bila wewe kujua. Miaka miwili baadaye unaulizwa kuhusu kazi ambayo hukuifanya. Daima omba toleo la mwisho lililotumwa kwa mfadhili na ulihifadhi.

Hesabu_Safi

Mzee kaeleza vizuri, ila kaacha kinachowaangusha mameneja wengi wa kanda: hoja za ukaguzi. Mkaguzi akifika huanzia kwenye posho za semina. Karatasi ya mahudhurio ina saini zenye mwandiko mmoja. Mtumishi wa halmashauri kasaini Mafinga na Makambako siku ileile. Kitabu cha safari kinaonyesha gari limeenda Ludewa, risiti ya mafuta imetoka Mbeya mjini. Ukumbi umelipwa bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kila moja peke yake ni laki mbili tatu, zikikusanywa za miaka mitatu zinafika milioni sitini, na mfadhili anazikataa zote. Shirika linazirudisha kutoka kwenye fedha zake lenyewe, zile zisizofungwa na mradi. Jina la aliyeidhinisha ni la meneja wa kanda.

Kinga yake ni rahisi ila watu hawaifanyi. Kabla hujaondoka kwenye kituo andika makabidhiano rasmi: masurufu ambayo hayajarejeshwa na nani anayadaiwa, hoja za ukaguzi zilizofungwa na zilizo wazi, orodha ya mali yenye namba za usajili, mikataba inayoendelea na asasi ndogo. Mpokeaji asaini, bosi wako asaini, nakala ubaki nayo.

Jambo la pili ni gharama za uendeshaji. EU inalipa asilimia 7 juu ya gharama za moja kwa moja. Kwa fedha za serikali ya Marekani, shirika lisilo na kiwango chake cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali hiyo lilikuwa linapata asilimia 10, ikapandishwa hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Kwenye usaili wa ukurugenzi swali huja hivi: una mradi wa dola milioni moja, mfadhili anatoa asilimia 7, ofisi inakugharimu 110,000 kwa mwaka. Utafanyaje? Anayejibu "nitamwomba mfadhili aongeze" ameshaanguka. Hesabu ni kwamba una 70,000, pengo 40,000. Unaangalia ni sehemu gani ya pango, umeme, mhasibu na dereva inaweza kuingizwa kwenye mradi kama gharama ya moja kwa moja kwa kanuni ya mgawanyo iliyoandikwa, kwa mfano kwa saa za kazi au idadi ya meza, na inayokubalika na wafadhili wote kwa pamoja. Ukimlipisha mfadhili A asilimia 60 ya pango na mfadhili B asilimia 60 ya pango lilelile, hiyo si hoja tena, hiyo ni kesi.

Chimala_Junction

Nitaeleza upande wa UN kwa kirefu kwa sababu ndiko kwenye imani potofu nyingi.

Kuna ngazi mbili tofauti ambazo hazijaunganishwa. Maafisa wa kitaifa, NOA hadi NOD na mara chache NOE, ni raia wa nchi husika pekee, wanaajiriwa nchini, na mshahara wao unapangwa kwa kulinganisha na waajiri bora wa hapa hapa. Maafisa wa kimataifa ni P1 hadi P5, halafu D1 na D2, na mshahara wao unapangwa kwa kiwango cha dunia nzima. Ukiwa NOC hupandishwi kuwa P. Unaomba upya kama mtu mwingine yeyote, ukishindana na dunia nzima.

Miaka inayotakiwa, ukiwa na shahada ya uzamili: NOC miaka 5, NOD 7, P3 miaka 5, P4 miaka 7, P5 miaka 10, D1 miaka 15. Ukiwa na shahada ya kwanza tu kwa kawaida wanaongeza miwili. Kwa hiyo mtu wetu mwenye miaka 11 kwenye karatasi anatosha hata P5. Karatasi hiyo haimfikishi, kwa sababu nafasi nyingi za P huweka sharti la uzoefu nje ya nchi yako, na yeye hana hata mwezi mmoja. Hapo ndipo watu wa Mbeya na Iringa wanakwama miaka kumi wakijiuliza wamekosea nini kwenye usaili, kumbe hawakufika kwenye usaili.

Dawa ni kutoka nje mapema. Kuna njia tatu: kazi ya muda ya miezi mitatu hadi sita ambayo ofisi yako inakuazima kwa ofisi ya nchi nyingine; kujitolea kimataifa kupitia UNV, ambao makao yao ni Bonn, na wanachukua wataalamu wenye umri mkubwa tu; au kwenda nje kupitia NGO kama alivyoeleza Mzee, kisha kuingia UN kutokea huko. Ya tatu ndiyo ya haraka zaidi kwa mtu wa miaka 38. Ukiomba P kwa mara ya kwanza, angalia daraja la ugumu wa kituo. Vituo vinapangwa H, halafu A hadi E, E ndiyo ngumu kuliko zote. Kwenye D na E waombaji ni wachache. NOD wengi wanavuka kwa kukubali kushuka hadi P3 kwenye kituo cha E, kisha wanapanda.

Mitego ya fomu sasa. Chuo chako lazima kiwe kwenye orodha ya kimataifa ya vyuo inayoitwa WHED. Angalia jina lilivyoandikwa humo, hasa kama chuo kilibadilisha jina baada ya wewe kuhitimu, na huku kwetu vipo. Miaka ya kazi inahesabiwa kwa miezi, na kazi mbili za wakati mmoja hazihesabiwi mara mbili. Ukiandika "2014–2016" bila miezi, mchujaji anaweza kukupa mwaka mmoja badala ya mitatu.

Angalia pia aina ya mkataba. NPSA (mkataba wa huduma kwa raia wa nchi) ya UNDP, shirika la maendeleo la UN, au mkataba wa ndani wa UNOPS, shirika la UN la huduma za miradi, haukufanyi kuwa mtumishi wa UN. Huingii kwenye mfuko wa pensheni wa UN, huna hadhi ya mwombaji wa ndani, na kodi ni juu yako.

Kwa juu kabisa, Mratibu Mkazi wa UN anayekaa kila nchi hapatikani kwa kuomba tangazo tu. Unafanyiwa tathmini maalumu ya siku kadhaa, ukifaulu unaingia kwenye orodha, na hutapangiwa nchi yako. Tangu Januari 2019 nafasi hiyo imetenganishwa na UNDP na inaripoti kwa Katibu Mkuu. Ngazi zake ni D1, D2 na Katibu Mkuu Msaidizi.

Kwa hesabu yangu, mambo yakimnyookea: P3 au P4 akiwa na 41, P5 akiwa na 47, D1 miaka 52 au 53. Umri wa kustaafu ni 65. Anafika, lakini si ndani ya miaka kumi aliyojiwekea.

Bi_Wilolesi

Mkuu Chimala, ngazi umezieleza vizuri, ila huo ni ulimwengu wa 2023. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilisimamishwa Januari 2025 na kufikia tarehe 1 Julai 2025 ilikuwa imeacha rasmi kuendesha misaada, kilichobaki kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, ilitangaza Juni 2025 kufuta nafasi zipatazo 3,500. Sasa kwenye kila tangazo la P4 kuna watu waliokuwa P5 wiki iliyopita, wana Kifaransa, wana vituo vitatu vya dharura kwenye wasifu. Mtu wetu wa Iringa atashindana na hao akiwa na nini?

Na nafasi ya Mkuu wa Mradi aliyoieleza Mzee ilikuwa inategemea fedha za Marekani kuliko kitu kingine chochote, hasa kwenye VVU. Mikoa yetu inajua hilo kuliko mkoa wowote.

Ushauri wangu ni kinyume: abaki na utaalamu wa lishe, aache VVU iwe ya pili. Lishe ina fedha za serikali ndani yake, halmashauri zina mkataba wa lishe unaofuatiliwa hadi ngazi ya kijiji, na wafadhili wake ni mchanganyiko. Aongeze kilimo: ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, ulioanzishwa 2010 umeacha mtandao wa kampuni, vyama vya ushirika na miradi kutoka Iringa hadi Mbarali na Mbeya. Mtu anayeweza kukaa na wakulima wa parachichi Njombe asubuhi na mchana akaongea na benki kuhusu mkopo wa dhamana, huyo anauzika kwa mashirika ya kilimo-biashara, ambayo hayakutegemea USAID peke yake.

Chimala_Junction

Dada, sikatai. Ndiyo maana nimesema atokee nje kupitia NGO. Ila kumbuka kupunguza watu UN kunaanza na vituo vya raha na makao makuu. Vituo vya E vya Sudan na Kongo havijakosa matangazo.

Mbozi_Arabika

Mmezirukia SADC na EAC. Hizi hazina ushindani wa dunia nzima, zina mgawo wa nchi. SADC iko Gaborone, mkataba ni miaka 4 unaohuishwa mara moja, na maombi hayatumwi moja kwa moja: yanapita kwa mratibu wa nchi, ambaye kwa Tanzania ni wizara ya mambo ya nje. Watu wanatuma barua pepe Gaborone siku ya mwisho kisha wanalalamika hawakujibiwa. Tuma kwa mratibu angalau wiki mbili kabla. EAC iko Arusha, miaka 5 inayohuishwa mara moja, na unapoomba usiwe umezidi miaka 55. Ubaya wa zote mbili ni kwamba nchi ikishajaza mgawo wake wa ngazi fulani, hata uwe bora vipi, subiri. Na mkataba wa mwisho ukiisha, umeisha.

Stergomena Tax alikuwa Katibu Mtendaji wa SADC 2013 hadi 2021, mihula miwili kamili, na alitokea utumishi wa umma wa Tanzania. Kwa nafasi ya juu kabisa ni nchi inayokupeleka.

Mwakaleli88

Na serikalini je? Mzee Mahiga wa Tosamaganga si alipitia huko?

Mzee_wa_Maandiko

Alipitia, lakini tazama mpangilio wenyewe. Augustine Mahiga alikuwa mtumishi wa serikali na mwanadiplomasia kwanza, miaka ya 1990 akawa UNHCR, akarudi kuwa balozi wa Tanzania UN New York 2003 hadi 2010, kisha mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu kwa Somalia 2010 hadi 2013, na 2015 akawa waziri wa mambo ya nje. Kila ngazi ilibebwa na iliyotangulia. Asha-Rose Migiro alikuwa waziri wa mambo ya nje kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa UN 2007. Profesa Janabi alikuwa anaongoza Muhimbili alipopendekezwa na serikali na kuchaguliwa mkurugenzi wa WHO kanda ya Afrika Mei 2025, baada ya Dkt. Ndugulile kufariki Novemba 2024 kabla hajaanza kazi. Nafasi za aina hiyo zinahitaji nchi ikutangaze, ikufanyie kampeni, ibadilishane kura.

Mfano wa mtu aliyepanda bila kupitia uwaziri ni Joyce Msuya: miaka mingi Benki ya Dunia na IFC (tawi lake la sekta binafsi), 2018 Naibu Mkurugenzi Mtendaji wa UNEP, shirika la UN la mazingira, mwishoni mwa 2021 akateuliwa kuwa Katibu Mkuu Msaidizi, OCHA, ofisi ya UN ya kuratibu misaada ya dharura.

Kwa mtu wa miaka 38 ambaye hajawahi kuwa mtumishi wa umma, serikali si njia ya mkato hata kidogo. Sekretarieti ya Ajira inamwingiza kwenye daraja la kuanzia, na ukomo wa umri wa ajira ya kudumu ni 45. Ukurugenzi wa halmashauri na ukatibu mkuu ni uteuzi, haupangi kazi yako kwa kutegemea uteuzi. Aliyekwishakuwa serikalini ndiye mwenye faida: anaweza kuomba kuazimwa au likizo bila malipo, akaenda shirika la kimataifa huku cheo chake kikimsubiri. Kibali kipatikane kabla ya kuripoti kituo kipya. Ukitangulia kuondoka ukafuatilia kibali ukiwa Lilongwe, unaandikiwa utoro.

Bi_Usangu

Benki za maendeleo zisisahaulike, na hapa Nyanda za Juu Kusini tuna somo la karibu. REGROW, mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa 2017 na kugusa Hifadhi ya Ruaha: Benki ilisimamisha kutoa fedha Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaopakana na hifadhi, na Novemba 2024 mradi ukafutwa. Barabara, mabango na semina havikuuokoa. Tangu Oktoba 2018 miradi mipya ya Benki inafuata mfumo wa viwango kumi vya mazingira na jamii, na wataalamu wa kuvitekeleza kwa kweli ni wachache: mtu anayeweza kuendesha utaratibu wa malalamiko unaofika kitongojini, kufanya sensa ya wanaoathirika kabla ya tarehe ya ukomo, kuandika mpango wa kurejesha maisha ya watu na siyo fidia tu.

Mlango wa kuingilia ni ushauri wa muda mfupi, ambao hauzidi siku 150 kwa mwaka wa fedha wa Benki, Julai hadi Juni. Anza na siku ishirini za kutathmini mradi wa maji au umwagiliaji. Ukifanya vizuri meneja wa mradi Benki anakuita tena. Ajira ya Benki ina ngazi za herufi: GF ni mtaalamu, GG mtaalamu mwandamizi, GH kiongozi au meneja, GI mkurugenzi. Kutoka GF hadi GH ukiwa ofisi ya nchi ni safari ndefu, na wengi wanalazimika kuhamia Washington au nchi nyingine ili wapande. Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), Abidjan, bila Kifaransa utaingia, lakini utakaa pembeni kwenye vikao.

Kwa mtu wa lishe na VVU hii si njia ya moja kwa moja. Mwenye umwagiliaji, ardhi, ununuzi au uhandisi aiweke ya kwanza.

Kamwene_Gangilonga

Nashukuru sana wakuu. Naomba mtu aguse mafao. Mtu akihama NSSF kwenda UN inakuwaje?

Hesabu_Safi

Swali zuri, na wengi hulishtukia wakiwa na miaka 58. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, sekta binafsi kwa kawaida 10 mwajiri na 10 mtumishi. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Mtu wetu ana miaka 11, yaani miezi 132, kama michango yote iliwasilishwa. Akienda UN kwa mkataba wa utumishi, michango ya NSSF inasimama na amebakiza miezi 48 ambayo haipo. Hapati pensheni ya kila mwezi, anapata mkupuo. Kabla ya kuhama aende ofisi ya NSSF Iringa na taarifa yake ya michango, ahakiki mwezi kwa mwezi, maana kuna waajiri waliokata na hawakupeleka, kisha aulize utaratibu wa kuendelea kuchangia kwa hiari hadi zitimie 180.

Mfuko wa UN unakata asilimia 7.9 kwako, na shirika linaweka 15.8. Ukikaa chini ya miaka mitano huna haki ya pensheni, unarudishiwa zako na riba. Kwa hiyo mkataba wa UN wa miaka miwili usiokuwa na dalili ya kuhuishwa, ukiulinganisha na ukurugenzi wa NGO wenye kiinua mgongo, mara nyingi unakupa kidogo kuliko unavyoonekana. Mshahara wa mtumishi wa UN haukatwi kodi ya mapato hapa nchini. Wa NGO unakatwa, na kinachozidi milioni moja kwa mwezi kinaliwa asilimia 30. Linganisha kinachofika mfukoni, usilinganishe kilichoandikwa kwenye barua.

Kijana_wa_Mkwawa

Heshima zenu wakubwa. Na aliyeamua kubaki na asasi ya ndani akaikuza?

Bi_Wilolesi

Inawezekana, na kwa sasa wafadhili wanaitafuta. Lakini fahamu unakuwa mkurugenzi, mwandishi wa maandiko na mtu wa sheria kwa pamoja. Cheti cha NGO kinadumu miaka kumi kisha unahuisha. Ukipata ruzuku inayozidi milioni 20, mkataba unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi. Ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Ukifanya kazi na UNICEF, fedha inakuja kwa awamu za robo mwaka na fomu ya FACE, ile ya kuomba fedha na kurejesha hesabu; ukikaa na awamu zaidi ya miezi sita bila kurejesha hesabu, awamu mpya haitoki. Asasi nyingi za Mbeya zinakufa hapo: fedha ya mradi wa kwanza imelipa mishahara ya mradi wa pili. Kwenye soko la ukurugenzi wa kimataifa, miaka sita ya kuendesha asasi ya dola 400,000 yenye hati safi inahesabika kuliko miaka sita ya unaibu kwenye shirika kubwa, mradi tu uoneshe bodi iliyokuwa inakuhoji kweli.

Mzee_wa_Maandiko

Nyongeza kwa wote ambao ofisi zao zilifungwa 2025. Mashirika mengi makubwa sasa yanafuata utaratibu wa kuulizana kuhusu mwenendo wa mwombaji: kabla hujapewa barua ya ajira, wanaandikia waajiri wako wa miaka mitano iliyopita kuuliza kama ulipatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono au kama uliondoka uchunguzi ukiendelea. Anayejibu ni idara ya rasilimali watu, si rafiki yako uliyemweka kama mdhamini. Ofisi ikishafungwa, barua pepe ya idara hiyo haijibiwi na ajira yako inakaa miezi miwili ikisubiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kama hukupewa, andika leo kwa makao makuu ya shirika huko liliko, omba cheti chenye tarehe za kuanza na kuacha kwa siku na mwezi, cheo, na sababu ya kuacha, na uombe barua pepe ya idara itakayojibu maswali ya waajiri hata baada ya ofisi ya nchi kufutwa. Ikija bila sababu ya kuacha, irudishe waijaze.